Figo Langu Linakwenda Iringa

Oresta, mama,

Barua nyingi huanza kwa kuulizia afya ya anayeandikiwa. Yako naijua. Uko chumba cha pili unagombana na zipu ya begi, mama yako anakwambia utoe shuka moja, nawe unamwambia hutoi. Mimi niko hapa sebuleni na kalamu niliyopewa kwenye harusi ya watu. Nimejaribu kuanza mara kadhaa, na kila nikianza inanitoka "itifaki imezingatiwa". Ndiyo shida ya kumpa mshereheshaji karatasi badala ya maiki. Basi, itifaki imezingatiwa, mgeni rasmi ni wewe, na wa kupiga makofi hayupo.

Maagizo sitakupa. Mama yako ameshayamaliza yote: kiti cha kukaa kwenye basi, mayai ya kuchemsha ya dirishani pale Laela usinunue, sweta usivue mpaka umefika, na ukifika usivue pia. Dawa zako unazijua kuliko unavyonijua mimi. Simu yako hulia saa za kumeza mpaka jogoo wa jirani ameanza kuifuatisha. Hapo sina la kukufundisha. Wewe ndiye uliyenifundisha.

Nataka kukuandikia habari za zile peremende. Najua ulikuwepo. Lakini ulikuwa mgonjwa, na mgonjwa huona dari zaidi ya anavyoona watu. Acha nikusimulie upande wa aliyekuwa amesimama.

Wewe na wenzako mliziita peremende za MC. Vile vidonge vyeupe vya kutafuna, vyenye harufu ya mnanaa, ambavyo nimetembea navyo kwenye mfuko wa shati tangu kabla hujazaliwa. Kazi yangu unaijua. Jumamosi harusi, Jumapili kipaimara au komunyo ya kwanza, na kila mahali nikishamaliza kusema naitwa mezani, na sisi Wafipa hatukubali mgeni aache kitu kwenye sahani. Napewa pilau. Juu yake ugali wa ulezi, kwa sababu kuna mzee amesema pilau si chakula. Juu yake migebuka iliyotoka ziwani, na juu ya hayo yote kikombe cha kitu ambacho padre hajaambiwa kimepikwa kwa nani. Kiungulia kilikuwa sehemu ya malipo yangu. Nikazoea kununua vile vidonge kwa paketi, na kwa kuwa sijui kula kitu peke yangu, nikawa nagawa. Baba wa bwana harusi kimoja, mwenyekiti wa kamati kimoja, mpiga kinanda viwili kwa sababu yeye hula huku anapiga. Ilifika mahali watu wananinyooshea kiganja kabla sijawasalimu. Nilijiona mtu mwema kwelikweli, kwa gharama ndogo sana.

Kichwani mwangu hazikuwa dawa. Dawa ni kitu unachoandikiwa, ukapanga foleni, ukaambiwa kutwa mara ngapi. Kile kilikuwa kitu cha mfukoni tu, kama leso.

Halafu figo zako zikagoma ukiwa kidato cha tatu, na tukaijua barabara ya Dar es Salaam kona kwa kona. Tukakaa kule kwenye chumba cha kupanga, wewe ukienda kusafishwa damu na kurudi umechoka mpaka huwezi kunicheka, na hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya. Watu wa hapa Kasense wananiita shujaa kwa yaliyofuata. Ngoja nikwambie ushujaa ulivyokuwa. Daktari aliuliza kati yangu na mama yako nani apimwe kwanza, nikanyoosha mkono. Nilinyoosha vilevile ninavyonyoosha kwenye kikao cha harusi wanapotafuta mtu wa kwenda kukodi viti. Sikufikiri chochote. Nilipofikiri nilikuwa nimeshavalishwa lile gauni la hospitali lililo wazi nyuma, na mtu hawezi kuahirisha jambo akiwa na gauni la namna ile. Kwa hiyo usije ukalibeba hilo figo kama zawadi ya mtu mkubwa. Limetoka kwa mtu asiyejua kusema hapana. Nalitania kila siku: mimi niliishia kidato cha nne, kiungo changu kinakwenda chuo.

Pembeni ya kovu langu pana sehemu haihisi. Mama yako akinigusa pale nasikia kama anagusa shati.

Ukarudi nyumbani umevaa barakoa, mashavu yamevimba kwa vidonge, unaomba maharage. Zile dawa za kuzuia mwili usilikatae figo ulizianza ukiwa bado kitandani, na tuliambiwa ni za maisha. Mwanzoni walikupa na ya tumbo, iliyopangwa na wao wenyewe, na baada ya miezi kadhaa wakaisimamisha. Hiyo nayo niliisikia kwa sikio moja.

Halafu tukaenda Kate, kwenye kipaimara cha kitinda mimba wa shangazi yako Leokadia. Ilikuwa mara yako ya kwanza kutoka kwenda kwenye watu. Wewe unakumbuka chakula. Mimi nakumbuka nilivyokuwa nimejaa majivuno, maana nilikutambulisha kwenye maiki kabla ya mwenye sherehe.

"Shikamoo, shangazi," ulimwambia dada yangu.

"Marahaba, mama. Ee, ndiye wewe? Kaa hapa nikutazame. Huyu mtoto hana nyama! Leteni sahani."

"Shangazi, nimeshakula."

"Umekula wapi? Njiani? Njiani watu hula vumbi."

Ukaletewa sahani. Ukala, kwa sababu ungefanyaje? Jioni ukanifuata nyuma ya turubai umeshika kifua. "Baba, hapa panawaka moto." Nami nikakwambia, nakumbuka maneno yenyewe, "Karibu kwenye chama," nikatoa viwili mfukoni nikakupa. Ukatafuna umekunja uso. Nikacheka. Nilifurahi, Oresta. Baada ya mwaka mzima wa kukukabidhi kwa watu wenye makoti meupe, hatimaye nilikuwa na kitu cha kukupa kwa mkono wangu mwenyewe.

Tuliporudi kiungulia hakikuondoka. Zile dawa zako zenyewe huunguza tumbo, hilo nililijua baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba binti yangu anaungua na mimi nina dawa ya moto. Ndipo nikaanzisha ule utaratibu wangu wa kisahani. Kila asubuhi nilikipanga mimi: vidonge vyako vya hospitali upande mmoja, peremende upande wa pili, maji ya uvuguvugu kwenye kikombe. Umeze vyote kwa pamoja, tumalize, tunywe uji. Nilikuwa nakileta kitandani nikitangaza kama naleta keki ukumbini. Mama yako akisema, "Mwache mtoto amke," mimi namwambia, "Bibi harusi hachelewi kwenye sherehe yake."

Kiungulia kilipozidi nikapanda bodaboda mpaka mjini, kwenye duka la dawa, nikaomba zile kapsuli za kupunguza asidi. Yule dada wa dukani alikuwa makini kuliko mimi. Aliniuliza za nani, nikasema za binti yangu. Akauliza, "Kuna dawa nyingine anatumia?"

Nikamjibu, "Aa, zile zake za kawaida tu."

Za kawaida! Dawa zinazoushawishi mwili wako kila siku ukubali kukaa na mgeni, mimi nikaziita za kawaida, kwa sababu nilikuwa nimezizoea na kwa sababu bodaboda alikuwa ananisubiri. Akanipa kapsuli. Zikaingia kwenye kisahani.

Sasa ile kliniki ya kule Dar es Salaam. Ulikuwa umeanza kuvimba miguu, nami nikasema ni kukaa sana kwenye basi. Walipokutoa damu, kile kipimo cha figo kilikuwa kimepanda. Wakakuchoma sindano chini ya tumbo, pale walipolipandikiza, wakachukua kinyama kidogo cha figo wakapime, wakasema mwili umeanza kulikataa. Ukalazwa. Yule daktari wa kike, mdogo mdogo, anayeongea taratibu, akaniita mezani. Wewe ulikuwa wodini, hukusikia haya.

"Mzee, amewahi kuruka dawa?"

"Hajawahi, daktari. Mimi mwenyewe ndiye nampangia."

"Mitishamba?"

"Hapana."

"Kuna kitu kingine chochote anameza?"

"Hakuna."

"Hata ya tumbo?"

Oresta, mimi nilitabasamu. Niliingiza mkono mfukoni nikatoa paketi, nikamwekea mezani. "Labda hizi," nikasema, "lakini hizi ni za kutafuna tu. Karibu moja." Nilimkaribisha. Daktari anayetibu figo linalokataliwa, nilimkaribisha moja.

Hakucheka. Aliichukua akasoma nyuma ya paketi, akaniuliza anazimeza saa ngapi, nikamweleza kisahani. Akauliza kama kuna nyingine, nikazitaja kapsuli. Akaandika. Halafu akanieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Kwamba moja ya dawa zako inahitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke na kuingia mwilini. Nami nilikuwa naiondoa asidi yenyewe kila asubuhi, kwa bidii. Kwamba ile chaki ya kutafuna huishika dawa na kutoka nayo. Kwamba ile dawa yako nyingine, kwa watu wengine, ikikutana na kapsuli kama zile hupanda kwenye damu kuliko inavyotakiwa, na ikipanda sana nayo hulisumbua figo. Moja inashuka, nyingine inaweza kupanda, na figo liko katikati halijui limsikilize nani.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo ni mimi?"

Akasema, "Huenda imechangia, mzee. Siwezi kukwambia ni hiyo peke yake. Mwili unaweza kukataa figo hata mtu akifanya kila kitu sawasawa."

Hilo "huenda" ninalo mpaka leo. Angesema ndiyo, ningelia nikamaliza. Angesema siyo, ningemshukuru Mungu nikarudi kwenye pilau zangu. Lakini "huenda" haina mahali pa kushikia. Unaigeuza huku na huku, ni ileile.

Nikaja wodini. Ulikuwa umetundikiwa zile dawa kali za mishipani. Nikakaa kwenye kiti nikakwambia kila kitu, kwa sababu sikujua namna ya kutokukwambia. Ukasema, "Baba, leo umemsherehesha daktari vibaya." Nikacheka. Ukacheka. Muuguzi akatutazama. Halafu ukasema lile neno lingine, ukiwa umegeukia ukutani.

"Zilikuwa mbaya mno, baba. Kama kula chaki ya mwalimu."

"Sasa mbona ulikuwa unazila?"

"Ulikuwa unafurahi."

Hapo ndipo kitu kilipozimika. Ule umeme ukikatika nyumbani ndipo unagundua friji lilikuwa linanguruma muda wote, si ndiyo? Kitu kilichokuwa kinanguruma ndani yangu tangu utotoni kilinyamaza. Sikulia. Nilikutengenezea shuka, nikaenda chini kununua maji, nikahesabiwa chenji, nikasema asante. Watu waliniambia nina moyo mgumu, nikawaitikia. Halikuwa suala la ugumu. Palikuwa patupu na pametulia.

Jumamosi ya wiki ile mama yako alibaki nawe, mimi nikarudi kwa ajili ya harusi ya Laela niliyokuwa nimeshaichukulia fedha. Nikasimama, nikawasha maiki, nikasema kile kichekesho changu cha shemeji na mbuzi. Watu walivunjika mbavu. Mimi nilikuwa naisikia sauti yangu kama redio ya jirani. Nikaitwa mezani, nikala kila kitu, na kifua hakikuwaka. Mpiga kinanda akaninyooshea kiganja kama kawaida. Nikakitazama. Akasema, "Vipi, bosi, leo zimekwisha?" Nikamwambia zimekwisha. Akasema, "Basi leo tutaungua wote." Ndivyo nimekuwa tangu siku hiyo. Nacheka kwa wakati, natania kwa wakati, shati napiga pasi. Hata leo unavyofunga begi, nimekaa hapa nangoja huzuni ya baba anayeagana na binti yake, kama mtu anayengoja basi lililoshapita. Usiogope, na usiniombee novena. Siumwi. Nakwambia tu ili kesho ukiniona stendi nimetabasamu mno, usidhani sijali.

Figo halikurudi lilipokuwa, unajua. Lilitulia, linafanya kazi, lakini sehemu iliyopotea ilipotea. Daktari alisema haijulikani litakaa muda gani, wanaojua kulitunza hukaa nalo miaka. Tumbo lako nalo hakulihukumu kuungua. Alibadilisha moja ya zile dawa akaweka ndugu yake ambaye hasumbuliwi sana na mambo ya asidi, akakupangia ya tumbo aliyoichagua yeye, akazitenganisha saa. Kumbe tatizo halikuwa kwamba mtu wa figo asitibiwe kiungulia. Ilitakiwa tu kuuliza. Kitu rahisi kiasi hicho. Mimi ninayeuliza watu elfu ukumbini kama wako tayari, sikumuuliza mtu mmoja.

Mama yako hakunigombeza hata siku moja. Tuliporudi alikiosha kile kisahani akakirudisha kabatini pamoja na vingine, akaanza kukuachia dawa zako mkononi mwako mwenyewe. Ningependa angenigombeza.

Sasa nije kwenye kitu kinachonifanya niandike, maana mpaka hapa ungeweza kusema, "Baba, haya yote nayajua, nenda kalale."

Siogopi kwamba utasahau dawa. Siogopi wavulana, ingawa mama yako ananitaka nijifanye naogopa. Naogopa lile neno la wodini. Wewe ni mtoto wangu hasa, umenirithi mahali pabaya. Ukiona mtu anafurahi kukupa kitu, unameza. Na huko Iringa wamejaa watu wema. Kuna mwenzako wa chumbani atakayekuona umeshika kifua, atafungua mkoba wake akupe kapsuli aliyopewa na mama yake, na atakaa akikutazama kwa upendo mpaka umeze. Mwenye mgahawa atakukorogea magadi kwenye maji. Watakuwa watu wazuri kabisa. Mimi pia nilikuwa mtu mzuri. Mtu mbaya ungemkatalia bila shida.

Mimi mwenyewe nimeishi maisha ya kuwaridhisha watu. Ndiyo kazi niliyoichagua. Nilipokuwa kijana nilidhani ni kipaji, baadaye nikadhani ni upendo. Nilishakubali harusi mbili siku moja, moja mjini na nyingine Kate, kwa sababu sikuweza kumtazama machoni yule wa pili nikamwambia nimeshachukuliwa. Nikafika ya pili watu wanaosha vyombo. Bibi harusi alinipungia mkono akiwa ameshavua viatu. Hadithi hiyo nimeisimulia miaka mingi kama kichekesho, na ni kichekesho, lakini yule binti alisherehekea harusi yake bila msemaji kwa sababu mimi nilitaka aniite mtu mwema kwa dakika tano. Ukiiondoa sehemu ya kuchekesha, ndiyo ileile ya kisahani.

Na leo mchana ukafanya ulichofanya.

Wanajumuiya walikuja kukuombea safari. Rozari imekwisha, watu wamekaa, chai iko jikoni. Shangazi yako, aliyekuja toka Kate na basi la asubuhi, akafungua kikapu chake akatoa ile chupa. Maji ya majivu ya maganda ya maharage, yaliyochujwa yakawa kama chai nyepesi. Mama yetu alitunywesha hayo kwa kila tumbo, na alipokufa, dada yangu akaendelea kuninywesha mimi. Alikuwa ameyachuja kwa kitambaa cheupe, nilijua kwa kuyatazama tu.

"Haya, mama," akakwambia, "hii ni ya tumbo. Huko vyuoni mtalishwa wali wa kupikwa na wanaume. Kijiko kimoja asubuhi, pamoja na vidonge vyako."

Ulikuwa umeshapiga magoti kumpokelea, mikono miwili mbele kama tulivyokufundisha. Halafu nikaona mikono inarudi.

"Shangazi, samahani. Siichukui."

"Huichukui? Hii si dawa, mwanangu. Ni majivu tu."

"Najua, shangazi. Hata majivu, mpaka nimuulize daktari wangu."

"Daktari! Mimi nimemkuza baba yako kwa maji haya haya. Si huyo hapo? Tazama tumbo lake!"

Watu wakacheka. Hata mimi nikacheka, tumbo ni langu. Nilidhani mambo yameisha, kicheko kimelifunika. Wewe hukucheka. Ulikuwa bado umepiga magoti.

"Hata ya baba siichukui tena, shangazi."

Shangazi akakutazama wewe, halafu wote wakanigeukia mimi. Mwenyekiti wa jumuiya alinitazama kama anavyotazamwa mshereheshaji umeme ukizimika ukumbini: haya, sema kitu. Nami nilikuwa nacho. Sentensi ilikuwa imefika kwenye meno: "Mpokelee tu, mama, utaimwaga njiani." Shangazi angefurahi, chai ingenyweka, chupa ingekwenda Iringa. Na siku moja kifua kingewaka, na ungemkumbuka shangazi yako alivyokuwa amefurahi.

Ukanitazama. Mimi nikasema, "Chai imeiva, karibuni." Watu wakaenda kwenye chai. Shangazi akairudisha chupa kikapuni na hajasema nawe tangu hapo.

Nilitakiwa kusema, "Mtoto yuko sahihi." Maneno matatu, mbele ya watu, kwa sauti ya ukumbini, ambayo Mungu amenipa bure. Sikuyasema. Badala yake nimetumia karatasi hizi zote. Mtoto yuko sahihi, Oresta. Ulikuwa sahihi ukiwa umepiga magoti, ulikuwa sahihi na heshima yako yote, na hukumkosea mtu yeyote ndani ya nyumba hii.

Na lile la "hata ya baba" liliniuma. Nakwambia kwa sababu ni jambo geni. Nilikaa nalo pale kwenye kiti, watu wanakunywa chai, kama mtu aliyeshikishwa mtoto mchanga, na mama wa mtoto ametoka. Sikulichukia. Sikutaka mtu aje kunipokea.

Jambo la mwisho ni la kesho. Shangazi yako amemwambia mama yako jikoni, nami nimesikia, kwamba ataileta ile chupa stendi. Atakupa pale mlangoni mwa basi, abiria wakiangalia, kondakta akipiga kelele, mahali ambapo mtoto mwenye adabu ataona haya kumkatalia mtu mzima. Namfahamu, ndiye aliyenilea. Mimi nitakuwa pembeni nimeshika begi lako, na huenda uso wangu ukajikunja wenyewe kwa namna ya kuomba yaishe, maana umezoea hivyo kuliko unavyonitii. Usinitazame. Mjibu kama ulivyomjibu leo, kwa maneno yaleyale, kisha upande basi ukae. Mimi nitabaki chini na dada yangu. Akilia, nitalia naye ikiwezekana. Na akiniuliza nani amemfundisha mtoto hivi, nitamwambia hakuna aliyemfundisha, kajifunza kwa tabu, na chupa tutairudisha sisi wawili nyumbani.

Baba yako,
Ponsiano